Mkopo wa Sola Unaokwama Mwezi wa Tatu

Wafanyabiashara wa sola, biogesi na majiko banifu wanaokuja kwetu kutafuta ushauri hapa Moshi, karibu wote huanza na swali moja: benki gani ina riba nafuu? Riba ni mzigo, hilo halina ubishi. Mkopo wa kawaida wa benki nchini umekuwa ukicheza kwenye asilimia 15 hivi kwa mwaka, na wakopeshaji wadogo hutoza zaidi ya hapo. Lakini tukikaa na hesabu zao mezani, mara nyingi tunakuta kinachowaangusha ni tarehe za marejesho.

Tumchukue muuzaji wa Arusha anayepeleka pampu za sola kwa wakulima wa vitunguu wa Mang'ola, wilayani Karatu. Tuseme amekopa shilingi milioni 20 kwa riba ya asilimia 16, alipe kwa miezi 12. Ananunua pampu kumi kwa milioni 2 kila moja na kuziuza kwa milioni 2.6. Mkulima analipa kianzio cha asilimia 20, kinachobaki atamalizia akishavuna na kuuza. Mauzo ni milioni 26, na benki itarudishiwa kama milioni 21.8. Kwenye karatasi, biashara inalipa.

Sasa fungua kalenda. Vianzio vyote kumi vinampa milioni 5.2. Rejesho la kila mwezi ni kama milioni 1.81, na la kwanza linadaiwa mwezi unaofuata. Atalipa la kwanza, atalipa la pili, la tatu halitimii. Wakati huo vitunguu bado viko shambani, kwa sababu vikishahamishwa kutoka kitaluni vinataka miezi mitatu hadi minne, kisha usubiri mnunuzi na bei. Faini inaanza kuhesabiwa, na jina lake linapelekwa kwenye taarifa za wakopaji zinazosomwa na benki zote. Hakuna mkulima hata mmoja aliyekataa kulipa! Na hapo sijagusa nauli, posho ya fundi wala pampu itakayorudishwa ndani ya dhamana ya mwaka. Hata riba ingeshushwa hadi asilimia 10, rejesho lingekuwa kama milioni 1.76, na vianzio vile vile visingemaliza rejesho la tatu.

Kwa hiyo, kabla ya kusaini, omba mambo mawili: muda wa kupumua kabla ya rejesho la kwanza, na marejesho yanayofuata msimu. Usiombe kwa maneno matupu. Nenda na orodha ya wateja, ekari zao, zao wanalolima na mwezi wanaouza. Maafisa mikopo wanaoshughulika na kilimo wamezoea lugha hiyo. Benki ya Maendeleo ya Kilimo, TADB, ina pia mfuko wa udhamini unaopitia benki nyingine kwa ajili ya mikopo ya wakulima wadogo. Uliza kama tawi lako limo. Kila mteja ana mwezi wake wa fedha. Mkulima wa kahawa wa Kibosho anaanza kuzishika nusu ya pili ya mwaka. Mwenye hoteli Arusha anayetaka hita za maji ya jua anazipata zaidi kati ya Juni na Oktoba, watalii wakiwa wengi.

Ipo njia nyingine ambayo naona inadharauliwa bila sababu: mali kauli. Muuzaji wa jumla akikupa pampu tatu ukauze kwanza, amekukopesha bila hati wala riba ya wazi. Andikianeni tu, hasa nani atabeba hasara kifaa kikifika kibovu. Ukiagiza mwenyewe kutoka nje, kumbuka dola. Kati ya mwanzoni mwa 2023 na katikati ya 2024 ilipanda kutoka karibu shilingi 2,300 hadi zaidi ya 2,600. Aliyewapangia wateja bei ya mwaka mzima kwa shilingi alibeba tofauti hiyo peke yake.

Dhamana ya mkopo ni kilio cha pekee huku Kilimanjaro. Mtu ana kihamba chenye migomba, kahawa na nyumba nzuri, lakini ni ardhi ya ukoo na haina hati. Benki haiwezi kukiuza, na kwa kweli hakuna ndugu anayetaka kiuzwe. Msilazimishe. Hata penye hati, nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza. Kwa wengi hapa, SACCOS, yaani chama cha kuweka na kukopa, ndiyo mlango wa kwanza, maana akiba na wadhamini wanaokufahamu hufanya kazi ya hati. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vina pia mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa 4, 4 na 2. Ilisitishwa mwaka 2023 ikarejeshwa 2024. Inamfaa sana mtengeneza majiko, ila haitoshi kuagiza kontena la betri.

Wenye ndoto ya kufua umeme kwa maji ya mito ya mlimani wako kwenye biashara tofauti kabisa. Mradi usiofikia megawati 1 hauhitaji leseni ya kuzalisha, ila unasajiliwa EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na unahitaji fedha za miaka kumi au zaidi. Usinunue tabo, mtambo unaozungushwa na maji, kwa mkopo wa miezi 24. Anzia kwa Wakala wa Nishati Vijijini, REA, kisha uulize benki kuhusu fedha zilizotengwa kwa nishati safi. CRDB, kwa mfano, iliuza mwaka 2023 hatifungani ya kijani, yaani ilikopa kwa wawekezaji fedha za miradi inayojali mazingira.

Yeyote unayemwendea, nenda na daftari la wadaiwa, kando na daftari la mauzo: jina la mteja, kiasi kilichobaki, tarehe aliyoahidi na tarehe aliyolipa kweli. Miezi sita ya daftari hilo, pamoja na taarifa ya miamala ya simu inayolingana nalo, itamwonyesha afisa mikopo fedha zako hurudi baada ya siku ngapi. Akishaijua idadi hiyo, mna pa kuanzia kupanga tarehe ya rejesho la kwanza.