Kabla hujamzuia mwanao kusoma lugha

Kila dirisha la udahili linapofunguliwa, sisi wa ofisi ya udahili chuoni tunapokea wazazi wanaotaka watoto wao waliochaguliwa kusoma Kiswahili, isimu (taaluma ya uchunguzi wa lugha) au historia wahamishiwe kozi "zenye ajira". Hofu yao tunaielewa, maana ada ni nzito na ajira ni ngumu katika kila fani. Lakini swali la "Kiswahili akasomee nini wakati anakijua?" tumelijibu mara nyingi mno. Kuzaliwa Tanga hakumpi mtu uwezo wa kufasiri mkataba, kuhariri kitabu cha kiada wala kumfundisha Mkorea ngeli.

Mwaka 2021 sheria ya Tanzania ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na mahakama. Sheria zilizotungwa kwa Kiingereza tangu enzi za mkoloni sasa zinahitaji wafasiri, na neno moja likikosewa humo, mtu anaweza kupoteza shamba. Historia nayo ina kazi yake papo hapo. Ukitaka kuelewa kwa nini migogoro mingi ya ardhi haiishi, lazima ujue kwamba sheria ya mwaka 1923 iliiweka ardhi ya Tanganyika chini ya mamlaka ya gavana.

SADC, yaani Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, ilikipokea Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne mwaka 2019. Umoja wa Afrika nao unakitumia. Wakalimani wanatakiwa, ila hapa wahitimu wengi hukwama, kwa kuwa wanamaliza na Kiswahili na Kiingereza peke yake. Mwanafunzi aanze Kifaransa, Kireno au Kiarabu mwaka wa kwanza, asisubiri wa tatu. Anayelenga kufundisha wageni awasiliane mapema na Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) kuhusu mafunzo na usajili.

Wala fani hizi si jalala la walioshindwa hesabu. Mhitimu wa kidato cha sita anahitaji angalau jumla ya pointi 4.0 kutokana na masomo mawili aliyofaulu kwa kiwango cha "principal", yaani ufaulu kamili wa somo, na kozi nyingine hudai zaidi, hivyo asome mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) wa mwaka husika.

Aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja lazima athibitishe kimoja kwa namba maalumu inayotumwa kwa ujumbe mfupi. Namba ya simu iliyojazwa iwe ya mwombaji mwenyewe, si ya mwenye steshenari aliyemsaidia kujaza fomu. Tafadhali sana. Asiyethibitisha ndani ya muda hupoteza nafasi, na kulia getini hakuirudishi. Cheti cha kughushi ni kosa la jinai, na udahili hufutwa hata kikigunduliwa mwaka wa mwisho.

Kuhama kozi kunawezekana, kwa masharti: mwombaji awe na sifa za kozi anayoitaka, nafasi iwepo, na ombi lifike kabla dirisha la uhamisho halijafungwa. Mwenye mkopo ahakikishe taarifa zake zimebadilishwa pia Bodi ya Mikopo. Na ombi la kuhama liandikwe na mwanafunzi mwenyewe. La mzazi hatulipokei.