Kava ya fesheni huanzia kwa kamera

Wengi wakiniona na laptopu yangu hapa Mji wa Kale, Mombasa, wanadhani kava ya jarida la fesheni hutengenezwa kwa Fotoshopu, yaani naletewa picha kali, natia maandishi, imekwisha. Hapana jamani. Kazi yangu kubwa ni siku ya kupiga picha, nimesimama nyuma ya mpiga picha namwambia rudi nyuma, rudi tena, niachie nafasi juu ya kichwa, maana jina la jarida litakaa pale na nywele za modo zitalifunika kidogo. Kidogo tu lakini. Jarida la Vogue lipo tangu 1892, hata likifunikwa herufi mbili utalitambua ukiwa ng'ambo ya barabara, jarida changa likifanya hivyo hakuna atakayelijua.

Halafu ile milango yetu ya kuchongwa, kila mtu anaitaka. Naipenda wallahi, lakini fonti za fesheni, yaani aina za herufi, kama Didot zina mistari mingine myembamba kama uzi, ukiziweka juu ya nakshi zote zinamezwa. Mpeleke modo kwenye ukuta wa chokaa, saa kumi hivi jua likiwa limelala, utanishukuru.

Mwaka jana mteja aliniletea vichwa vya habari tisa vyote viende mbele, nikamtandikia leso mezani. Tazama, kuna pindo, kuna mji, na jina ni mstari mmoja tu, na kina mama dukani wanasoma jina kwanza kabla hawajauliza bei! Tukabaki na vitatu. Na mfano wangu mwingine wa kupunguza ni ile kava ya Vogue ya Januari 1950 ya mpiga picha Erwin Blumenfeld: jicho, midomo na kidoa basi, uso wote uliobaki umefutwa ukawa mweupe, na huwezi kuacha kuuangalia.

Rangi nayo usiamini skrini. Ile samawati ya bahari ya Nyali inayong'aa kwa simu, wino wa printa hauifikii, itatoka imefifia, na ngozi nyeusi wino ukizidi inakuwa giza tupu, shavu halionekani, na hilo mimi silikubali kabisa. Kwa hivyo natoa sampuli moja ya karatasi, nazidisha milimita 3 kila upande za kukatwa, naibandika ukutani naiangalia kutoka mlangoni, kisha natoka nayo nje juani.