Kisu cha Kufuliwa kwa Mkono: Bei Kubwa Hainunui Makali

Wapenzi wengi wa kambi na misitu huamini kwamba kisu kilichofuliwa kwa mkono na mhunzi, chenye bei mara kumi ya kile cha kiwandani, lazima kikate vizuri zaidi. Si kweli.

Ukataji hutegemea aina ya chuma, unene wa bapa nyuma ya makali na jinsi chuma kilivyopashwa moto. Chuma cha kaboni cha daraja liitwalo 1095 hupashwa hadi nyuzi 800 hivi za Selsiasi, hupozwa ghafla kwenye mafuta, kisha hurudishwa kwenye joto la nyuzi 200 hivi ili kisivunjike kama kioo. Tanuri la kiwandani hushika joto hilo bila kuyumba, kisu baada ya kisu. Mhunzi hodari naye huweza; asiye makini huharibu chuma kizuri, na kosa lake halionekani kwa macho. Unene wa bapa nao una uzito wake: visu vya Mora kutoka Uswidi, vya bei nafuu kabisa, huchonga mti vizuri kuliko visu vingi vya kifahari vyenye bapa nene mno.

Basi pesa ya ziada hulipia nini? Saa za kazi, mpini uliochongwa kufuata kiganja chako, ala nzuri ya ngozi, na fundi unayeweza kumrudishia kisu kikiharibika. Kwa anayeshinda na kisu mkononi, mpini huo una thamani halisi, na naona fundi huyo anastahili kila senti. Anayeanza anunue cha kiwandani pamoja na jiwe zuri la kunolea.