Acha Zumu, Sogea: Dhana Potofu za Kupiga Picha Samaki wa Ziwa Tanganyika

Mgeni akinionyesha kamera yenye zumu ndefu hapa Kigoma, najua siku itakwendaje. "Samaki waoga hawa," ataniambia, "nitawavuta kutoka mbali." Hii nimeisikia hadi imenichosha.

Majini, adui wa picha ni maji yenyewe. Zumu inamkuza samaki, lakini maji yaliyo kati yenu haiyapunguzi hata tone, na hayo ndiyo yanayokula rangi, yakianza na nyekundu. Wengi hudhani kinachohesabiwa ni kina tu. Hapana, hesabu njia nzima ya mwanga. Samaki akiwa mita 3 chini, nawe uko mita 2 kutoka kwake, mwanga wa jua umepita mita 5 za maji kabla ya kugusa lenzi, na sehemu kubwa ya wekundu imeshabaki njiani. Flashi nayo ina safari ya kwenda na kurudi. Ukiwa mbali inamulika vumbi la katikati, unaondoka na picha ya madoa meupe na kitu kama samaki kwa nyuma. Halafu miwani ya mbizi inakudanganya: vitu vinaonekana vikubwa zaidi kwa kama theluthi moja, na karibu zaidi kwa robo. Samaki unayemwona mita moja na nusu, yuko mita 2. Ndiyo maana kila mtu ananiapia kwamba alikuwa karibu kabisa. Hakuwa.

Chukua lenzi pana, yaani inayonasa eneo kubwa hata ukiwa karibu, usogee hadi umbali wa mkono. "Si watakimbia?" Watakimbia ukiwafukuza. Sikilidi, jamii ya samaki iliyojaa ziwa hili, wengi wao wa miambani wana maeneo yao wanayoyalinda, na mwani wanaoukwangua uko hapo hapo, waende wapi? Chagua jiwe moja, maji ya kifuani yanatosha. Jishikize kwa vidole viwili, mapezi yatulie, pumua polepole kwenye mrija. Wakiingia kwenye nyufa, usiondoke. Baada ya dakika chache wataanza kuchungulia, kisha watarudi kula mbele ya kioo chako. Wale wadogo wanaoishi ndani ya maganda ya konokono ni hivyo hivyo: ukifika, wote wanazama ndani na mchanga unabaki mtupu. Mwenye haraka anasema hakuna kitu, anapiga mapezi, anatimua tope. Kaa! Yatatangulia macho.

Eti samaki wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, hawana rangi, wa rangi wako Mafia na Zanzibar? Ziwa hili lina aina zaidi ya 200 za sikilidi, karibu zote hazipatikani kwingine duniani, na hununuliwa hadi Ulaya kama samaki wa mapambo. Mtazame mmoja wao, Tropheus duboisi. Kinda ni mweusi mwenye vidoti vyeupe. Akikua vidoti vinafutika, kichwa kinakuwa cha buluu na mkanda mweupe au wa manjano unamzunguka mwili. Wageni hunihesabia aina mbili.

"Maji yanang'aa hivi, kichocho kitoke wapi?" Kinatoka kwa konokono, na konokono hajali maji kung'aa. Kujifuta haraka kwa taulo ukitoka majini, usikutegemee. Wala kumeza praziquantel, dawa ya kichocho, jioni ile ile si kinga, kwa sababu haiui minyoo michanga ya ugonjwa huo. Epuka ghuba tulivu zenye majani, hasa panapoogwa na kufuliwa, kisha nenda ukapime wiki 6 hadi 8 baadaye. Hili silijadili na mtu.

Mamba wapo, hasa kwenye midomo ya mito. Waulize wavuvi wa pale pale unapotaka kuingia, usimuulize mhudumu wa hoteli. Nyoka wa majini, yule swila, ana sumu kweli, ila anawinda samaki, hakuwindi wewe. Usimguse, usimzibie njia, mwache apite.

Na ile ya "tukiwa wengi tutaona wengi", marafiki sita kwenye jiwe moja wataona tope tu. Jigaweni wawili wawili. Mmoja apige picha, mwenzake abaki juu akitazama mitumbwi ya injini, maana nahodha haoni kichwa kilicho ndani ya maji.