Ukumbusho wa vita: maana yake, na jina la mpagazi wa Tabora

Kumbukumbu ni kile kilichobaki kichwani mwako. Ukumbusho ni jambo jingine, maana neno lenyewe limetoka kwenye kukumbusha: yupo anayekumbusha, na yupo anayekumbushwa. Ndiyo maana ukumbusho wa vita, uwe mnara, sanamu, uwanja wa makaburi au filamu, haujiotei wenyewe kama uyoga. Kuna watu walikaa wakaamua nani akumbukwe, na kama atakumbukwa kwa jina lake au kwa jumla tu.

Aina zake ni nyingi. Upo mnara usio na maiti chini yake, kama ule wa Whitehall, London, uliojengwa kwa ajili ya watu waliozikwa mbali na kwao. Lipo kaburi la askari asiyejulikana: mwili mmoja usiotambulika unazikwa kwa heshima zote, ili kila mama ambaye mwanawe hakurudi aweze kusema huenda ni wangu. Uingereza na Ufaransa zilizika wa kwao siku moja, 11 Novemba 1920. Sisi Watanzania tuna Siku ya Mashujaa, 25 Julai. Siku hiyo kwenye mnara wa mashujaa huwekwa shada la maua, lakini pia mkuki na ngao, sime, upinde na mshale, na shoka. Mimi hilo hunigusa kila mwaka, kwa sababu hata aliyekufa kabla ya bunduki kufika huku anatajwa kwa silaha yake.

Sasa tuje Tabora. Katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliichukua Kigoma mwishoni mwa Julai 1916, na tarehe 19 Septemba yakaingia Tabora. Jenerali wao, Charles Tombeur, baadaye alipewa ubaroni uliobeba jina la mji wetu: Tombeur de Tabora. Mjini Brussels ana mnara wake, na mtaa uitwao Tabora upo huko. Jina la mji limechongwa ugenini. La mtu wa mji je?

Mtu huyo mara nyingi alikuwa mpagazi. Neno lenyewe linatokana na kupagaa, yaani kubeba mzigo begani, na Wanyamwezi walijulikana kwa kazi hiyo pwani na bara tangu enzi za misafara ya pembe za ndovu. Ila upagazi wa msafara ulikuwa na ujira na mapatano. Wa vita, kwa wengi, ulikuwa wa kukamatwa. Barabara za magari zilikuwa chache, ng'ombe na farasi walikufa kwa ndorobo, basi risasi, unga na mizinga iliyofunguliwa vipande vikapita juu ya vichwa vya watu, kila mmoja na kilo zake 25 au zaidi. Mjerumani aliwachukua, Mwingereza akawachukua, Mbelgiji naye vilevile. Waliouawa na risasi ni wachache kuliko waliouawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa. Kikosi cha Waingereza cha wapagazi ndicho kilichoacha jina la Kariakoo pale Dar es Salaam. Watu hununua nguo na vitenge humo kila siku, nao wamesimama juu ya jina la kikosi hicho.

Mwaka 1927 pakasimamishwa Dar es Salaam sanamu ya shaba ya askari aliyeelekeza bunduki yake mbele, tunayoiita Sanamu ya Askari. Maandishi yake yaliyotungwa na mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Kisha yanatoa ahadi: ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Nenda ukaizunguke sanamu ile. Jina la mpagazi hata mmoja halipo.

Hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Tume ya makaburi ya vita ya himaya ya Uingereza, iliyoundwa mwaka 1917, ilikuwa na msingi kwamba kila aliyekufa atapewa jiwe au jina, awe tajiri au maskini. Huku Afrika Mashariki msingi huo uliwashughulikia Wazungu, na makaburi mengi ya Waafrika yakaachwa yarudi kuwa pori. Mwaka 2021 ripoti ya tume hiyohiyo ilikiri na kuomba radhi: watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Filamu hukumbusha kwa njia yake. Mnara hutoa jina. Filamu hutoa sura, na mtazamaji humlilia aliyemwona usoni. Meli ya Wajerumani ya Graf von Götzen iliundwa Ujerumani, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916, ikaibuliwa mwaka 1924 na baadaye kuitwa Liemba. Ndiyo iliyochochea hadithi ya The African Queen, filamu ya mwaka 1951. Humo wanakijiji wanachomewa nyumba na kuchukuliwa na askari mwanzoni kabisa, kisha safari yote inakuwa ya Wazungu wawili na mashua yao. Tungewafuata wale waliochukuliwa, tungeiona vita yenyewe ilivyokuwa. Mpagazi akakosa jina kwenye jiwe, akakosa na sura kwenye skrini.

Kwamba majina hayapatikani tena, mimi sikubali upesi. Januari 2025 ulifunguliwa Cape Town ukumbusho wa watu 1,772 wa Afrika Kusini, wengi wao Weusi, waliofia vita hiyohiyo wakifanya kazi bila kubeba silaha. Kila mmoja ana nguzo yake ya mti, yenye jina lake na tarehe aliyokufa. Majina yalitafutwa kwenye makaratasi ya zamani. Na kwetu Unyamwezi, ambako mjukuu hupewa jina la babu, pa kuanzia kuuliza si kwenye makaratasi peke yake.