Kikombe, Si Sado: Tahadhari kwa Wenye Punda Msimu wa Mavuno

Mahindi yakishavunwa, malalamiko ya punda kulala chini na kugoma kuvuta mkokoteni huongezeka, kuanzia Magu na Kwimba hadi Misungwi, mkoani Mwanza. Wapo wanaosema punda karogwa, wengine wanamwita mvivu na kumchapa. Kabla ya kumtafuta mchawi, tunaomba ukague alichokula jana jioni.

Punda, kama farasi, hacheui. Tumbo lake ni dogo, na nyasi huvunjwa nyuma, kwenye utumbo mpana, ambako bakteria, protozoa na kuvu huchachusha nyuzinyuzi na kutoa asidi za mafuta zinazoingia kwenye damu. Punda wa malisho hupata huko zaidi ya nusu ya nguvu zake.

Wanga wa mahindi hutakiwa kuishia kwenye utumbo mwembamba. Ukizidi, huvuka hadi kwa vijidudu hao. Wanaopenda wanga huzaliana kwa saa chache na kumwaga asidi ya laktiki, wale wa nyuzinyuzi hufa, na sumu ya bakteria waliokufa hupenya ukuta wa utumbo uliodhurika. Punda huumwa tumbo au huharisha. Siku moja au mbili baadaye kwato za mbele hupata moto, naye husimama ameegemea nyuma. Mwenye punda huhangaika na kwato, kumbe chanzo ni tumbo.

Kipimo salama ni gramu 1 ya wanga kwa kila kilo ya uzito, kwa mlo mmoja. Punda wa kilo 150 asizidishiwe gramu 200 hivi za punje za mahindi (si punje yote ni wanga), yaani kikombe cha chai. Sado moja ni karibu kilo 3! Chakula chake kikuu kibaki nyasi kavu, mabua au majani ya mpunga, kilo 2 hadi 3 kwa siku. Chakula kipya kianze kwa robo, kisha nusu, kisha robo tatu, kwa siku 10 hadi 14, hata kama ni majani mabichi ya mvua za kwanza.

Chakula cha kuku asipewe kabisa. Baadhi kina monensini, dawa ya kuzuia koksidia (vimelea vya utumbo wa kuku), ambayo kwa punda huharibu moyo na kuua.

Punda huficha maumivu. Akisusa chakula, akalegeza masikio na asitoe kinyesi, ondoa nafaka, mwachie maji, kisha weka sikio ubavuni, pande zote mbili. Kukiwa kimya, mwite afisa mifugo wa kata mara moja. Mweleze alikula nini, kiasi gani, saa ngapi, na dawa aliyopewa. Usimnyweshe mafuta, soda wala maji ya sabuni kwa chupa, maana huweza kuingia mapafuni. Usimtoboe ubavu kutoa gesi kama ng'ombe, tumeshasema hacheui. Antibayotiki za dukani nazo huua vijidudu wale wale wanaovunja nyasi, na chini ya Sheria ya Veterinari ya 2003 tiba ni kazi ya wataalamu waliosajiliwa.

Kumfanyisha kazi punda mgonjwa ni kosa chini ya Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, na mhusika anaweza kutozwa faini au kufungwa. Akifa, asichunwe wala nyama isiuzwe kabla afisa mifugo hajamkagua.