Uvumba wa Kichina: unga wa manukato, gome linalonata na kijiti cha mwanzi

Uvumba wa Kichina, ambao wenyewe huuita xiang, ni unga wa miti, mizizi, majani na utomvu wenye harufu, uliokandwa kwa maji na gome linalonata, ukafinyangwa na kukaushwa ili uungue polepole bila kutoa mwale. Aliyezoea kutupia udi au ubani kwenye kaa la chetezo ataona tofauti papo hapo: hapa kaa halihitajiki, kwani kijiti chenyewe ndicho kuni na ndicho harufu. Kwa hiyo kazi ya fundi, tangu kusaga hadi kuanika, inazunguka jambo moja: ncha ikishashika moto, moto ule ufike mwisho bila kuzimika na bila kuiunguza harufu.

Malighafi nyingi si ngeni kwa msomaji wa pwani. Kuna udi, sandali, ubani, karafuu na kafuri, na zamani kwa wenye mali kulikuwa na miski na ambari. Huongezwa mitishamba ya dukani kwa tabibu. Kila kimoja huandaliwa peke yake kabla ya kuchanganywa, na fundi mvivu hujulikana hapo. Sandali mara nyingi hulowekwa kwenye chai, hukaushwa, kisha hukaangwa pakavu kwa moto mdogo ili ukali wake upungue. Ubani ni msumbufu: kinu kikipata joto hulainika na kuganda kwenye mchi, hivyo hupoozwa kwanza au hutwangwa kidogo kidogo pamoja na unga wa mti. Kifuniko kigumu cha konokono wa baharini, jiaxiang, hunuka shombo kikichomwa kibichi. Huchemshwa kwa maji ya udongo na kwa pombe, hukaangwa, kisha hutiwa chembe tu, kwa kuwa kazi yake ni kuzishika harufu nyingine zisitoweke upesi.

Baada ya kusagwa, unga hupitishwa kwenye chekeche la matundu 80 hadi 120 kwa inchi. Chembe kubwa hupasuka-pasuka wakati wa kuungua, na huziba tundu la kukamulia.

Kinachoufanya unga kuwa uvumba, hata hivyo, ni gome. Kusini mwa China hutumika gome la miti ya jamii ya Machilus na ndugu zake. Kaskazini hutumika zaidi gome la mti uitwao elmu. Magome haya yana ute unaonata yakipata maji, na yakikauka huungua kama mti wa kawaida, harufu yake ikiwa hafifu. Gundi ya utomvu, kama ile ya mgunga, hushika vizuri zaidi, lakini haipendi moto. Ikizidi, kijiti huzimika katikati. Ndiyo maana fundi mzoefu huchagua gome kwanza na manukato baadaye, jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifikirii kabisa.

Kipimo cha kuanzia kwa gramu 100 za unga mkavu kinaweza kuwa hivi: sandali gramu 60, udi 10, ubani 8, karafuu 4, gome 18. Unga wote huchanganywa ukiwa mkavu hadi rangi iwe moja, maana gome likilowa kabla ya kuenea hufanya madonge yasiyovunjika tena. Maji ya vuguvugu huongezwa kidogo kidogo, yakikaribia uzito wa unga wenyewe. Unga wa mti mkavu sana hunywa zaidi. Donge likifikia ulaini wa donge la chapati, lisishike mkononi wala lisipasuke likikunjwa, hufunikwa kwa kitambaa chenye unyevu na kuachwa saa kadhaa ili maji yafike ndani ya kila chembe. Kisha hukandwa tena kwa nguvu kutoa hewa.

Uvumba usio na mwanzi ndani, xianxiang, hukamuliwa kwa bomba lenye tundu la milimita 1.5 hadi 2. Nyuzi zinazotoka hulazwa kwenye ubao, hunyooshwa kwa kipande chembamba cha mwanzi, na hukatwa, mara nyingi kwa urefu wa sentimita 21. Hukaushwa kivulini penye hewa inayopita taratibu. Zikishakauka nusu huwekewa ubao juu ili zisipinde, na humaliza siku kadhaa kabla ya kufungwa. Mafundi wengi huziweka zaidi kwenye mtungi uliozibwa, miezi kadhaa, hadi ukali wa unga mpya utulie. Kijiti cha urefu huo kitadumu takriban dakika 40 hadi 50, kutegemea unene.

Makosa yake hurudi yale yale. Nyuzi zikianikwa juani, ngozi ya nje hukauka kabla ya kiini, nazo hupinda au kufanya nyufa. Maji yakizidi, kijiti husinyaa kupita kiasi. Hewa ikibaki ndani ya donge, kila povu huwa mahali pa kuvunjikia. Gome likipungua, kijiti humomonyoka kwenye vidole. Likizidi, hugeuka kigumu na kutoa moshi wa kuni. Ubani na utomvu mwingine vikipita robo ya mchanganyiko, huyeyuka mbele ya moto na kuuzima. Ukikutana na uvumba unaozimika, pima kwanza unyevu: siku mbili mahali pakavu huponya vijiti vingi vilivyodhaniwa vibovu.

Aina ya pili, yenye kiini cha mwanzi, ina hesabu nyingine. Makao yake makubwa ni mji mdogo wa Dapu, wilaya ya Yongchun, mkoani Fujian. Hapa donge halihitajiki. Fundi hushika fungu la vijiti vya mwanzi, huvichovya majini akiacha sehemu ya kushikia, huvitia kwenye unga wa gome, huvitikisa na kuvipanua ili visigandane, huvirudisha majini, kisha kwenye unga wa manukato. Mzunguko huo hurudiwa mara tatu au zaidi, tabaka la mwisho likiwa la unga laini kabisa. Ustadi uko kwenye kifundo cha mkono: fungu lisipofunguka sawasawa, vijiti vya katikati hutoka vyembamba na vya pembeni vinene. Kwa kuwa mwanzi huvishikilia vinyooke, hivi huanikwa juani bila hofu, vikiwa vimetandazwa mafungu kwa mafungu uwanjani. Adui yake ni mvua; siku mbili za mawingu zatosha kuleta ukungu.

Yongchun haikufikia hapo kwa bahati. Bandari ya Quanzhou iko karibu, na wakati wa enzi za kifalme za Song na Yuan (karne ya 10 hadi ya 14) ilipokea manukato ya bahari yote ya Hindi. Merikebu iliyofukuliwa Houzhu, kwenye ghuba ya Quanzhou, mwaka 1974 ilikuwa na zaidi ya tani 2 za miti ya manukato, pamoja na ubani na ambari. Zhao Rugua, ofisa wa forodha wa Quanzhou, aliandika mwaka 1225 kwamba nchi ya Cengba, yaani pwani ya Zanji, Afrika Mashariki, ilitoa pembe za ndovu, dhahabu, ambari na sandali ya manjano. Ukoo wa Pu wa Dapu, ambao bado unatengeneza uvumba, hujihesabu kuwa wazawa wa wafanyabiashara Waislamu waliohamia kutoka bandari hiyo.

Dongguan, mkoani Guangdong, ni habari ya mti zaidi kuliko ya kijiti. Mti wa Aquilaria sinensis, unaotoa udi, hutobolewa kwa patasi, nao hujaza jeraha utomvu kwa miaka. Baadaye fundi hukwangua mti mweupe usio na harufu hadi abaki na sehemu nyeusi. Tangu Januari 2005 miti yote ya jamii ya Aquilaria imo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa hiyo udi unaovuka mpaka unahitaji kibali. Xinhui, mkoani humo humo, na Baoding kaskazini, ni sehemu za uzalishaji mkubwa wa vijiti vya hekaluni.

Tibet ina njia yake. Katika kijiji cha Tunba, wilaya ya Nyemo, vinu vya maji husugua magogo ya msaipresi juu ya jiwe hadi yawe rojo, ambayo hukaushwa kama matofali. Baadaye husagwa, huchanganywa na mitishamba mingi, na hukamuliwa kwa kidole gumba kupitia pembe ya yaki, ng'ombe wa milimani mwenye manyoya marefu, iliyotobolewa nchani.

Anayenunua asitegemee majivu yanayojikunja kama dalili ya ubora. Hiyo hutegemea aina ya mti na gome. Avunje kijiti kimoja, atazame kama rangi ya ndani ni sawa na ya nje, na anuse kabla ya kuwasha: harufu kali inayojaza chumba kabla ya moto mara nyingi ni mafuta ya kupaka juu ya kijiti ambacho chenyewe hakina kitu.